Kiolezo na Nakala: Maktaba za Vijenzi Sanifu katika Usanifu kwa Kompyuta na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi



Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, fundi anapomtuma mwanagenzi wake dukani humwambia, "Lete boliti namba 17." Kauli hiyo ni fupi na inaeleweka. Mwanagenzi anajua kwamba namba iliyotajwa si ya boliti yenyewe bali ni ya spana inayokishika kichwa chake, yaani kichwa kina upana wa milimita 17. Hata hivyo, kauli hiyo haijasema ni boliti gani. Ikiwa kazi inahusu gari la Kijapani, boliti yenye kichwa cha milimita 17 kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 12. Ikiwa inahusu mashine iliyoundwa kwa kufuata kiwango cha zamani cha Ujerumani, kichwa hicho hicho hukaa juu ya boliti yenye kipenyo cha milimita 10. Nayo boliti ya milimita 10 iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa ina kichwa cha milimita 16, na ile ya gari la Kijapani ina kichwa cha milimita 14. Kwa hiyo, hapa kuna jina moja lenye vitu viwili, na kipimo kimoja chenye majina matatu.

Mwanagenzi akileta boliti isiyofaa, hasara ni nauli ya kurudi dukani. Lakini msanifu wa mitambo akiiweka boliti isiyofaa katika mchoro wake wa kompyuta, kosa hilo hunakiliwa katika kila mchoro unaoitumia boliti hiyo, kisha katika orodha ya ununuzi, kisha kiwandani. Ili kuepuka hasara ya namna hiyo, wasanifu wamejenga maktaba za vijenzi sanifu, yaani hazina za boliti, nati, washa, beringi, pini na vitu vya aina hiyo ambavyo vimekwisha kuchorwa, kupimwa, kupewa majina na kuidhinishwa, ili visichorwe upya kila vinapohitajika.

Mhadhara huu unachunguza jinsi maktaba hizo zinavyoundwa na kusimamiwa, na kuonesha kwamba matatizo yake makubwa si ya kompyuta wala ya chuma bali ni ya lugha: utambulisho, utajaji, visawe, homonimu na mabadiliko ya maana kwa kadiri muda unavyopita. Mhadhara unadai kwamba kazi ya istilahi za Kiswahili, ambayo imekuwa ikifanywa kwa bidii tangu mwaka 1930, ina mengi ya kujifunza kutoka katika nidhamu hiyo.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Kiswahili kina bahati ya pekee katika mada hii. Neno *sanifu* limebeba kwa pamoja dhana ambazo lugha nyingi huzitenganisha. Anayechora jengo ni *msanifu* na kazi yake ni *usanifu*. Lugha iliyowekewa kanuni za pamoja ni Kiswahili *Sanifu*, na kitendo cha kuiwekea kanuni hizo ni *kusanifisha*. Andiko la mtahiniwa wa shahada ya juu ni *tasnifu*. Maneno haya yote yanatokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu aina au jamii ya vitu. Kwa asili, kitendo hicho ni kuvipanga vitu kwa aina zake na, kwa kupanuka kwa maana, ni kutunga kitabu. Kupanga kwa aina, kubuni na kuweka kiwango ndizo kazi tatu za maktaba ya vijenzi. Mtu anayeijenga anasanifu kwa maana zote tatu kwa wakati mmoja.

Istilahi ya pili ni *kijenzi*. Katika mazungumzo ya kila siku, boliti na beringi huitwa *vipuri* au *spea*. Hata hivyo, kipuri ni kitu kinachowekwa mahali pa kingine kilichoharibika, kwa hiyo fasili yake inatokana na matengenezo. Msanifu hushughulika na kitu hicho kabla mashine haijakuwapo, wakati hakuna kilichoharibika. Kwa sababu hiyo, mhadhara huu unatumia *kijenzi*, yaani sehemu inayoshirikiana na nyingine kukijenga kitu kizima. *Kijenzi sanifu* ni kile ambacho umbo, vipimo na ubora wake vimeainishwa na kiwango kinachojulikana, kiasi kwamba mtu anaweza kukiagiza kwa jina tu, bila ya kupeleka mchoro.

Istilahi ya tatu ni *hesi*, yaani mfereji unaozunguka kama ngazi katika mwili wa boliti au ndani ya nati. Neno hili limo katika kamusi za Kiswahili tangu zamani, ingawa vijana wengi wa gereji hawalijui. Umbali kutoka ukingo mmoja wa hesi hadi ukingo unaofuata utaitwa hapa *hatua ya hesi*.

3.0 Kutoka Hesi hadi Kompyuta

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, kila karakana ilichonga hesi zake. Nati ya karakana moja haikuingia katika boliti ya karakana nyingine. Mwaka 1841 mhandisi Mwingereza, Joseph Whitworth, alipendekeza hesi moja kwa nchi nzima. Njia aliyoitumia inastahili kuzingatiwa na wanaisimu: alikusanya boliti kutoka karakana mbalimbali, akazilinganisha, akatafuta wastani. Pembe ya hesi yake ilikuwa nyuzi 55. Mwaka 1864 huko Philadelphia, William Sellers alipendekeza hesi nyingine yenye pembe ya nyuzi 60, kwa hoja kwamba ilikuwa rahisi zaidi kuichonga na kuipima. Mataifa mawili yanayozungumza lugha moja yakawa na hesi mbili zisizopatana.

Gharama ya hali kama hiyo ilionekana wazi huko Baltimore, Marekani, tarehe 7 Februari 1904. Moto ulipozuka katikati ya jiji, vikosi vya zimamoto vilifika kutoka Washington, Philadelphia, New York na kwingineko. Vilikuwa na mashine, watu na mipira ya maji. Lakini viungio vya mipira mingi havikuingia katika mabomba ya Baltimore, kwa kuwa kila mji ulikuwa na hesi yake. Moto uliendelea kwa zaidi ya saa 30 na kuteketeza takribani majengo 1,500. Maji yalikuwapo na wazimaji walikuwapo. Kilichokosekana ni makubaliano. Mwaka uliofuata, kiwango cha kitaifa cha viungio hivyo kilipitishwa. Kwa upande wa boliti, ilikuwa hadi Novemba 1948 ndipo Marekani, Uingereza na Kanada zilipotia saini makubaliano ya hesi moja, baada ya vita kuonesha ugumu wa kutengenezeana silaha kwa hesi tofauti. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilikuwa limeanza kazi mwaka 1947.

Mwanafunzi wa historia ya Kiswahili atauona hapa mfano anaoufahamu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikabiliwa na swali lile lile: je, itafutwe lugha ya wastani kutokana na lahaja zote, au ichaguliwe lahaja moja iwe msingi? Whitworth alichagua wastani. Mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kuusimamia usanifishaji huo. Hoja za waliotetea Kimvita hazikuisha siku hiyo, na kwa hakika zinasikika hadi leo. Kila usanifishaji huacha nyuma yake boliti zilizo nzuri lakini zisizo na nati.

Hatua iliyofuata katika uhandisi ilikuwa ya kompyuta. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha MIT kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Kwa kutumia kalamu ya mwanga, mtu aliweza kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Jambo la msingi kwa mada hii ni kwamba Sutherland alitofautisha mchoro wa asili na nakala zake. Mtu alichora umbo mara moja, kisha akaliweka mahali pengi. Alipoubadilisha mchoro wa asili, nakala zote zilibadilika papo hapo. Programu za kibiashara zilizofuata, kama vile AutoCAD iliyotolewa mwaka 1982 na SolidWorks iliyotolewa mwaka 1995, pamoja na programu huria ya FreeCAD iliyoanza mwaka 2002, zote zinatumia wazo hilo kwa namna mbalimbali.

4.0 Sarufi ya Maktaba ya Vijenzi

4.1 Kiolezo na nakala

Mchoro wa asili utaitwa hapa *kiolezo*. Kila mahali kiolezo kinapotumiwa pana *nakala*. Uhusiano huu haumshangazi mwanaisimu, ambaye amezoea kutofautisha leksimu na maneno yanayotokea katika matini. Neno *mti* likitokea mara 20 katika ukurasa mmoja, msomaji hahesabu leksimu 20. Vivyo hivyo, mashine yenye boliti 20 za aina moja ina kiolezo kimoja na nakala 20. Kila nakala ina mahali pake na mwelekeo wake, lakini haina umbo lake yenyewe, kwa kuwa umbo limeazimwa kutoka kwa kiolezo.

Boliti hazina ukubwa mmoja. Kumchora kila mmoja wa ndugu hawa peke yake kungekuwa kazi isiyokwisha. Kwa sababu hiyo, msanifu huchora kiolezo kimoja chenye vipimo badilifu, kisha akakiambatanisha na jedwali. Katika kiwango cha ISO 4014, kinachohusu boliti za kichwa cha pembesita zenye hesi katika sehemu tu ya mwili, safu moja ya jedwali itasema kwamba boliti ya M8 ina hatua ya hesi ya milimita 1.25, kimo cha kichwa cha milimita 5.3 na upana wa kichwa wa milimita 13. Safu ya M10 itataja 1.5, 6.4 na 16. Safu ya M16 itataja 2, 10 na 24. Umbo ni moja na safu ni nyingi, kama vile mnyambuliko wa kitenzi ulivyo na shina moja na viambishi vingi.

4.2 Jina kama tungo

Jina kamili la kijenzi sanifu lina sarufi yake. Jina "ISO 4014 – M10 × 60 – 8.8" linaweza kuchanganuliwa kama tungo. Sehemu ya kwanza hutaja kiwango, na kwa hiyo umbo. Herufi M hutaja jamii ya hesi za kimetriki, 10 ni kipenyo na 60 ni urefu, vyote kwa milimita. Hatua ya hesi haikutajwa, na kutotajwa huko kuna maana: ni hatua ya kawaida ya milimita 1.5. Ikiwa hatua ni nyembamba zaidi, sharti itajwe. Mwanaisimu atakitambua hapa kiambishi kapa. Sehemu ya mwisho, 8.8, hutaja ubora wa chuma. Tarakimu ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hutoa uimara wa chuma dhidi ya kukatika kwa mvuto, yaani megapaskali 800. Tarakimu ya pili hueleza kwamba chuma huanza kunyooka bila ya kurudi katika umbo lake kinapofikia asilimia 80 ya kiwango hicho, yaani megapaskali 640.

Beringi zina mofolojia ya kuvutia zaidi. Katika beringi namba 6204, tarakimu 6 huonesha aina, yaani beringi ya gololi yenye safu moja na mfereji wa kina. Tarakimu 2 huonesha mfululizo wa vipimo. Tarakimu 04 zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu, yaani milimita 20. Kwa hiyo 6205 ina tundu la milimita 25 na 6206 la milimita 30. Likiongezwa "2RS" mwishoni, beringi ina vizibo vya mpira pande zote mbili, na hicho ni kiambishi tamati halisi. Lakini kama ilivyo katika lugha, kanuni ina vighairi, navyo viko pale pale palipo na matumizi ya kale na ya mara nyingi: 00 si sifuri bali ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Fundi huvijua vighairi hivyo kwa moyo kama mtoto anavyojua kwamba wingi wa *jino* ni *meno*.

5.0 Maradhi ya Maktaba

Kuunda maktaba ni kazi ya majuma machache. Kuitunza ni kazi isiyo na mwisho. Maradhi manne hujitokeza mara kwa mara.

Ugonjwa wa kwanza ni homonimu: vijenzi viwili vyenye jina moja. Katika AutoCAD, mchoro ukiwa na kijenzi kiitwacho "boliti_10," kisha mtu akabandika kutoka mchoro mwingine kijenzi tofauti chenye jina hilo hilo, programu haigombi. Huupuuza ufafanuzi unaoingia na kuutumia ule uliokuwamo tangu awali. Aliyebandika anatarajia boliti yake, kumbe ameletewa ya mwenyeji. Asipoangalia kwa makini, mchoro utapita.

Ugonjwa wa pili ni visawe: kijenzi kimoja chenye majina mengi. Msanifu asiyeipata boliti katika maktaba kwa jina alilolizoea huichora upya na kuihifadhi kwa jina lake. Mwenzake hufanya hivyo hivyo. Baada ya miaka michache, boliti ile ile inanunuliwa kwa namba tatu, inawekwa katika rafu tatu, na ghala linaonesha kwamba imekwisha katika rafu moja ilhali imejaa katika nyingine.

Ugonjwa wa tatu ni kukatika kwa kiungo. Katika programu nyingi za siku hizi, kijenzi hakihifadhiwi ndani ya mchoro. Mchoro huhifadhi anwani ya faili lake tu. Faili likihamishwa au likibadilishwa jina, mchoro hufunguka ukiwa na mapengo. Na pengine hutokea jambo baya kuliko pengo: mchoro hufunguliwa katika kompyuta nyingine yenye maktaba yenye faili la jina hilo hilo, lakini lisilo na ukubwa uliohitajika. Programu huchukua ukubwa wowote uliopo, na boliti zikaonekana zimevimba kuliko mashine iliyozibeba.

Ugonjwa wa nne ni wa hatari zaidi, nao ni mabadiliko ya kimyakimya. Uwezo ule ule alioubuni Sutherland, wa kubadili kiolezo na nakala zote zikabadilika, ni neema mtu anaporekebisha kosa na ni balaa anapobadili kitu kilichokuwa sahihi. Mfano mzuri ni ule uliotajwa mwanzoni. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 931 kilipoachwa na nafasi yake kuchukuliwa na ISO 4014, vichwa vya boliti nyingi vilibaki kama vilivyokuwa, lakini vya M10, M12, M14 na M22 vilibadilika: 17 ikawa 16, 19 ikawa 18, 22 ikawa 21, na 32 ikawa 34. Mtunza maktaba aliyeona kwamba anasasisha boliti yake ya M10 kwa nia njema, na akaandika juu ya faili la zamani, alibadili pia mchoro wa mashine iliyokwisha kujengwa na kuuzwa. Fundi aliyetumwa kuitengeneza akiwa na mchoro huo alifika na spana ya 16 mbele ya boliti ya 17. Mchoro ulikuwa safi, boliti ilikuwa safi, lakini mchoro haukusema tena kweli kuhusu boliti ile.

6.0 Kanuni za Usimamizi

Kutokana na maradhi hayo, wasimamizi wa maktaba wamefikia kanuni kadhaa ambazo zinaweza kuelezwa kwa lugha ya isimu.

Kanuni ya kwanza ni kutenganisha kitambulisho na jina. Jina ni la watu, nalo huweza kubadilika, kufupishwa au kutafsiriwa. Kitambulisho ni cha kitu, nacho hakibadiliki. Kiwango cha ISO 13584, kilichoanza kuchapishwa miaka ya 1990 mahususi kwa ajili ya maktaba za vijenzi, kimejengwa juu ya wazo hili. Kila aina ya kijenzi, na kila sifa yake, hupewa msimbo usiofungamana na lugha yoyote. Majina ya Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani huning'inizwa kwenye msimbo huo. Hakuna lugha iliyo mlango wa lugha nyingine. Kwa nadharia, jina la Kiswahili linaweza kuongezwa leo bila ya kugusa mchoro hata mmoja.

Kanuni ya pili inahusu ubishi wa muda mrefu: je, namba ya kijenzi iwe na maana au isiwe nayo? Namba yenye maana, kama 6204, ni rahisi kukumbuka. Lakini ikiwa tarakimu ya kwanza hutaja aina, na aina zikazidi tisa, mfumo hufurika. Ikiwa kijenzi kitagunduliwa kwamba kiliwekwa katika aina isiyo yake, ama namba ibadilishwe na viungo vyote vikatike, ama namba ibaki ikisema uongo. Kwa hiyo wasimamizi wengi huchagua namba za mfuatano zisizo na maana, na kuiweka maana katika maelezo yanayoambatana nazo. Huu ndio unasibu wa ishara aliouzungumzia Ferdinand de Saussure. Alama hudumu kwa sababu haijafungwa na sura ya kitu.

Kanuni ya tatu ni kwamba namba iliyoachwa haitumiwi tena. Kijenzi kisichofaa hakifutwi. Hutiwa alama ya "kimeachwa," huoneshwa kilichochukua nafasi yake, na hubaki katika maktaba ili michoro ya zamani iendelee kusema kweli. Wanafunzi wa isimu ya Kibantu wanaijua kanuni hii bila ya kufundishwa uhandisi. Katika mfumo wa namba za ngeli ulioasisiwa na Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kupanuliwa na Carl Meinhof, Kiswahili Sanifu kina ngeli ya 11, kisha orodha inaruka. Ngeli za 12 na 13 hazimo. Hakuna mtaalamu aliyezichukua namba hizo na kuzipa ngeli nyingine ili kuziba pengo, kwa kuwa namba hizo zina wenyewe katika lugha ndugu. Pengo hilo ndilo linalowezesha ulinganishi.

Kanuni ya nne ni kwamba kila kijenzi kina hali na kina mwenyewe. Hali huweza kuwa rasimu, kilichoidhinishwa au kilichoachwa. Kila msanifu anaruhusiwa kupendekeza, lakini ni mtu mmoja au kamati moja inayojulikana ndiyo inayoidhinisha, na kila badiliko huandikwa: nani, lini na kwa sababu gani. Badiliko linalogusa umbo au vipimo haliandikwi juu ya kijenzi cha zamani. Hupewa toleo jipya au namba mpya.

7.0 Funzo kwa Istilahi za Kiswahili

Uhusiano wa vijenzi na istilahi si sitiari iliyobuniwa kwa ajili ya mhadhara huu. Mwasisi wa nadharia ya istilahi, Eugen Wüster wa Austria, alikuwa mhandisi na mwenye kiwanda. Tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka 1931, ilihusu usanifishaji wa lugha katika ufundi. Kamati ya istilahi aliyoshiriki kuiasisi mwaka 1936 ndiyo iliyotangulia kamati namba 37 ya ISO inayosimamia kanuni za istilahi hadi leo. Kamusi yake ya zana za mashine ya mwaka 1968 haikupangwa kwa alfabeti bali kwa mfumo wa dhana. Kwa Wüster, istilahi bila ya mfumo wa dhana ilikuwa kama sanduku la boliti zilizochanganywa.

Kiswahili hakikukosa watenda kazi. BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, lilitoa vijitabu vya *Tafsiri Sanifu*. TUKI ilichapisha mwaka 1990 kamusi sanifu za isimu na za sayansi. Mwaka 2004 mradi ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Maneno hayakukosekana. Kilichokosekana, kwa sehemu kubwa, ni usimamizi wa maktaba.

Dalili ni zile zile nne. Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa *tarakilishi*, wa Tanzania *kompyuta*, na *ngamizi* lilipendekezwa likabaki vitabuni: visawe. *Usanifu* ni kubuni na pia ni hali ya kuwa ya kiwango: homonimu, au walau polisemia, ambayo ni tajiri katika mhadhara lakini ni ya hatari katika mkataba wa ujenzi. Orodha za istilahi zilizochapishwa kwa nakala chache haziwafikii waandishi wa orodha zinazofuata: viungo vilivyokatika. Na istilahi hubadilishwa katika toleo jipya bila ya kuoneshwa iliyoachwa, kiasi kwamba anayesoma kitabu cha miaka 30 iliyopita hajui kama anakutana na dhana nyingine au na jina jingine tu: badiliko la kimyakimya.

Panaweza kutolewa hoja kwamba lugha si boliti. Hoja hiyo ni ya haki. Mshairi anahitaji visawe, na utajiri wa lahaja si ghala lililovurugika. Lakini kanuni zilizoelezwa hapa haziamuru jina moja. Zinaamuru kitambulisho kimoja. Chini ya dhana moja yenye fasili moja na namba isiyobadilika, *tarakilishi* na *kompyuta* yanaweza kukaa pamoja, kila moja likiwa na alama ya mahali linapotumika na hali yake. Kinachosanifishwa ni dhana. Majina yanasajiliwa. Kwa njia hii, ubishi wa "neno lipi ni sahihi," ambao umekula miongo mingi, huacha kuizuia kazi.

Njia hii pia huupa nafasi msamiati wa mafundi, ambao kamati nyingi zimeukwepa. *Boliti namba 17* si kosa la watu wasiosoma. Ni utajaji unaofuata kigezo kilicho mkononi mwa fundi, yaani spana, badala ya kigezo kilicho katika jedwali la mhandisi, yaani kipenyo. Maktaba nzuri ingelisajili jina hilo na kulielekeza kwenye dhana zake zote: M12 ya kiwango cha Kijapani, M10 ya DIN 931. Fundi angelipata alitafutalo kwa lugha yake, na wakati huo huo angeoneshwa kwamba pana njia mbili mbele yake. Kijana aliyesoma sekondari kwa Kiingereza na kujifunza ufundi kwa Kiswahili leo hulazimika kulijenga daraja hilo peke yake, kichwani, kila siku. Si haki kumwachia.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonesha kwamba maktaba ya vijenzi sanifu ni mfumo wa kiishara wenye leksimu, mofolojia na historia, na kwamba afya yake hutegemea mambo manne: kitambulisho kisichobadilika, jina lililosajiliwa, namba isiyorudiwa na badiliko lililoandikwa. Umedai kwamba mambo hayo manne yanawezekana katika istilahi za Kiswahili, na kwamba hayahitaji maneno mapya kabla hayajaanza. Yanahitaji kwanza kuyapanga yaliyopo. Hiyo ni kazi inayowafaa wanafunzi wa shahada za juu waliomo katika ukumbi huu: kuchukua uwanja mmoja mdogo, uwe wa hesi, wa beringi au wa mbao, kuzikusanya orodha zote zilizochapishwa na maneno ya mafundi wanaoufanyia kazi, na kuipa kila dhana namba yake.

Whitworth hakubuni boliti. Alizikuta karakanani, akazikusanya, akazipima. Maneno ya Kiswahili nayo yako karakanani.